Uzi maalumu: Land Rover 109 pikapu ya zamani, kuinunua na kuifufua huku kusini (Mtwara, Lindi)

Baharia wa Msimbati

Wakuu, salama? Watu wengi wamenifuata PM kuhusu hii 109 yangu mpaka nimechoka kujibu mmoja mmoja. Naweka kila kitu hapa. Ni ndefu, asiyependa kusoma apite kwa amani.

Gari ni Land Rover Series III, pikapu, dizeli ya lita 2.25. Series III zilitengenezwa kuanzia 1971 hadi 1985, na hiyo 109 ni inchi kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma. Yangu ilikuwa ya shirika la umma, namba za SU, ikauzwa kwa mnada enzi hizo, ikapita mikono ya watu, mwisho ikaegeshwa chini ya mkorosho huko ndani Masasi. Kuku walikuwa wanatagia kwenye siti.

Nianze na ubishi kabisa. Gari ya aina hii usinunue Mtwara Mjini, wala Mikindani, wala Lindi Mjini, wala Kilwa. Panda juu: Masasi, Nachingwea, Newala, Tandahimba, Liwale. Pwani Land Rover inakulaghai kwa sababu bodi yake ni alumini, haioti ile kutu nyekundu uliyozoea kuiona kwenye Hilux. Unaikuta imesimama uani kwa mtu pale Shangani, milango mizima, boneti zima, unaanza kuhesabu hela. Chini yake chesesi, ile fremu inayobeba gari zima, ni chuma, na ni chuma cha boksi chenye uwazi ndani. Tope likiingia, vitundu vya kutolea maji vinaziba, upepo wa chumvi unamalizia kazi kutokea ndani kuja nje. Ukiona kutu kwa nje, ujue ndani kulishaisha zamani. Na kama gari iliwahi kufanya kazi kwenye mashamba ya chumvi, achana nayo hata ukipewa bure.

Namna ya kukagua: beba nyundo ndogo, lala chini, nenda unagonga taratibu. Gonga ile mikono inayotoka pembeni ya chesesi kubeba bodi, vishikio vya springi, boriti la nyuma, na zile pembe mbili za mbele ambako springi zinaanzia. Chuma kizima kinalia kwa sauti kali. Kilichooza kinalia kama umegonga boga, halafu kutu inakumwagikia usoni. Ukimaliza chini, ingia ndani ya gari, funua mpira wa sakafuni pale dereva anapoweka miguu, na uangalie nguzo za milango. Ule ukuta unaotenganisha injini na dereva nao ni chuma, na kuutengeneza kuna kazi kuliko injini.

Kwa kifupi, huku kwetu unanunua chesesi na kadi. Injini, giaboksi, difu, taa, vioo, vyote vinatafutika.

KoroshoGhafi

Uzi bila picha ni hadithi za sungura. Tupia picha mkuu. Na bei je?

Baharia wa Msimbati

Picha zitakuja bando likiruhusu. Bei ya kununulia sitaitaja hadharani maana nimeona tabia: mmoja akitaja bei mtandaoni, wiki ijayo kila mwenye gofu la 109 kijijini anajua kuwa kalalia mali. Ila jua kwamba chesesi peke yake ilikula hela zaidi ya niliyonunulia gari. Na hiyo ilikuwa chesesi nzuri.

Chuma na Jasho

Naunga mkono hilo la kununua bara. Shida ni kwamba wanunuzi wa chuma chakavu wanazimaliza. Wanapita vijijini na mzani, alumini ya bodi wanaipenda kuliko chuma. Nimeona kabini ya Series II imekatwa vipande kwa shoka, imewekwa kwenye viroba. Series II! Roho iliniuma.

Fundi Difu (Lindi)

Mkuu, uzi mzuri ila naomba nikuulize swali la kifundi. Hiyo 2.25 dizeli ya nini leo hii? Nguvu za farasi 62. Ukipakia tripu ya mchanga unapandaje mlima wa Newala, kwa kusukuma? Tia Isuzu 4JB1, lita 2.8, spea ziko kila duka, kwisha habari. Mimi nimezifunga, najua ninachosema.

Baharia wa Msimbati

Fundi, nilijua utakuja tu.

Sikatai, 4JB1 ni injini nzuri na imezoeleka. Lakini tuseme yote. Kwanza unahitaji sahani ya kuunganisha injini na giaboksi ya Land Rover, na ikichongwa vibaya hata kidogo, shafti ya giaboksi haikai katikati, klachi inakufa kila mara na hujui kwa nini. Pili, giaboksi yenyewe ya Series haikutengenezewa msukumo huo. Tatu, difu (gia za kwenye ekseli) za Series ni 4.7, yaani shafti inazunguka mara 4.7 gurudumu lizunguke mara moja, kwa hiyo gari inalia sana kabla haijaenda popote. Ukiweka injini yenye nguvu bila kubadilisha difu, umepata kelele, mwendo ni ule ule. Ukitaka kubadilisha, ya mbele unaweza kupata ya 3.54 kutoka Range Rover au Discovery, ila nyuma 109 nyingi kuanzia 1972 zina difu la aina nyingine, Salisbury, kwa hiyo inabidi utafute 3.54 ya Salisbury kutoka Land Rover 110. Hapo bei umeiona inavyopanda?

Mimi gari yangu inakwenda shamba Nanyamba na Msimbati kuvua. Haina haraka. Nimebaki na 2.25, nikachonga bloku, nikaweka pistoni za saizi inayofuata, nikapeleka pampu na nozeli kupimwa. Mtu anayetaka kwenda nayo Dar kila mwezi, zaidi ya kilometa 550, huyo aweke Isuzu na abadilishe difu, simlaumu.

Kwa anayetafuta ya kununua: ikiwa na injini ya kuanzia 1980 ni bora zaidi, kwa sababu krenki inakaa kwenye beringi tano, za nyuma ya hapo ni tatu.

Fundi Difu (Lindi)

Hapo kwenye Salisbury umenena. Wengi wanasahau. Lakini 2.25 asubuhi inawaka mpaka uombe dua.

Baharia wa Msimbati

Inawaka vizuri tu ikiwa hita plagi, zile plagi za kupasha silinda moto kabla ya kuwasha, ziko sawa. Hili watu hawalijui: kwenye hizi dizeli za zamani hita plagi zimeungwa kwa mfuatano, moto unapita moja kwenda nyingine. Ikiungua moja zote nne zinakufa. Fundi asiyejua anaanza kufungua pampu, anakwambia nozeli zimechoka, anakula hela yako. Pima plagi kwanza, moja moja. Ni kazi ya dakika chache na taa ya kupimia.

Mama Nanyamba

Jamani mimi ni mgeni kwenye mambo ya magari, naomba kueleweshwa. Marehemu baba mkwe aliacha 109 kijijini, imekaa miaka mingi. Mume wangu anataka kuifufua. Kadi ipo ila ina jina la mtu ambaye hata mzee hakuwahi kutuambia ni nani. Inawezekana?

Baharia wa Msimbati

Dada, karibu sana. Hilo ndilo jambo ambalo wanaume wengi humu wanaliruka wanakimbilia rims.

Kwanza mume wako aende na brashi ya waya na taa. Kwenye Series III namba ya chesesi imegongwa kwenye pembe ya mbele kulia, pale springi inapoanzia. Asugue polepole, asitumie gurainda hata kidogo. Namba hiyo lazima ifanane na ya kwenye kadi. Ubaya ni kwamba pembe hiyo hiyo ndiyo kutu inaipenda, na fundi wa kuchomelea akiambiwa "badilisha pembe" anaikata na namba yake anaitupa. Baada ya hapo una gari isiyo na jina. Kama pembe imeoza, kabla ya kukata mpeleke askari wa usalama barabarani aione, na muulize TRA utaratibu, upate kitu cha maandishi.

Pili, gari ni mali ya marehemu, hivyo familia iteue msimamizi wa mirathi na mahakama imthibitishe. Bila hiyo barua hakuna wa kusaini. Tatu ndilo gumu: huyo mwenye jina kwenye kadi. Kama yu hai, atafutwe asaini mauziano. Kama amefariki, familia yake nayo ipitie mirathi. Najua inachosha. Wapo watakaokwambia "mtu wangu atakufanyia". Usitoe hela kwa mtu wa hivyo.

Na mkibadilisha injini au rangi, navyo viandikishwe TRA, kadi iseme ukweli.

Mama Nanyamba

Asante sana kaka. Nitamwambia. Namba za gari ni zile za zamani za TZ, hiyo ni tatizo?

Baharia wa Msimbati

Itabidi ihamie kwenye namba za sasa, hizi za T na tarakimu tatu. Yangu nayo ilipita huko. Maadam kadi ipo mkononi na chesesi inasomeka, hapo una pa kuanzia.

Mzee wa Ndundu

Vijana mnanikumbusha mbali. Nimeendesha 109 ya mradi wa maji miaka hiyo, kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa 2003. Mnapanga foleni kwenye kivuko cha Ndundu, Mto Rufiji, mvua zikianza hapo ndipo mnalala. Udongo ule wa kabla ya Somanga lori linazama mpaka kwenye bodi, Land Rover inapita pembeni na tope lake. Nyie mnaoteleza kwenye lami leo hamjui kitu.

Fundi, hiyo 62 unayoidharau ilikuwa inatuvusha.

Fundi Difu (Lindi)

Shikamoo mzee. Nimefuta usemi.

Baharia wa Msimbati

Marahaba nitaipokea kwa niaba yake, hahaha. Shikamoo mzee.

Naendelea na kazi ya chesesi, maana wengi mmeuliza.

Usikate kitu kabla gari haijakaa sawa. Tumeiweka kwenye stendi juu ya zege, tukaipima kwa uzi na rula ya maji, halafu tukapima mkingamo: kutoka kishikio cha springi cha mbele kulia hadi cha nyuma kushoto, kisha kinyume chake. Vipimo viwili vikilingana, chesesi imenyooka. Tukafunga vyuma vya kukinga pembeni ili isijikunje wakati wa kuchomelea, ndipo tukaanza kukata. Unakata sehemu moja, unaijaza, unapima tena. Vijana wangu wawili walijifunzia VETA hapa Mtwara na wana subira, wanachomelea kidogo wanaacha ipoe. Yule anayemwaga moto mfululizo kuanzia mwanzo hadi mwisho atakukunjia gari.

Chuma cha kuzibia kiwe cha milimita 2 hadi 3. Bati la kutengenezea milango ya fremu halifai, litakaa msimu mmoja. Na ukiziba, usizibe vile vitundu vya chini. Ndivyo vinavyotoa maji.

Uingereza wanatengeneza chesesi mpya za Land Rover zilizochovywa zinki. Ukiwa na hela agiza, utasahau habari za kutu. Mimi nilipiga hesabu ya usafiri na ushuru nikarudi kwenye nyundo yangu.

KoroshoGhafi

Vipi kupaka oili chafu chini ya gari? Huku mtaani wote wanafanya hivyo, na magari yanadumu.

Baharia wa Msimbati

Oili chafu inasaidia chuma, siwezi kusema uongo. Lakini inalainisha na kuvimbisha kila mpira inayougusa: boshi za springi, mipira ya breki. Sasa umeokoa chesesi umeua breki. Mimi ndani ya boksi la chesesi nimenyunyiza grisi iliyoyeyushwa, nje rangi ya kuzuia kutu na rangi nzito juu yake. Na nikirudi Msimbati, maji baridi ya bomba chini ya gari siku hiyo hiyo, kabla ya kula samaki.

Kitu kingine ambacho huku pwani ni lazima: pale alumini inapokutana na chuma, kwenye maji ya chumvi alumini ndiyo inaliwa. Utaona unga mweupe kwenye kingo za milango na chini ya wingi (bodi ya juu ya magurudumu), rangi imevimba. Kwa hiyo kila mahali bodi inapokaa juu ya chuma, paka rangi pande zote mbili na weka kipande cha tyubu ya tairi katikati. Ribiti ziwe za alumini. Nilikuta mtu aliyetangulia amepiga ribiti za chuma, kila moja imejichimbia duara lake.

Kabla ya rangi ya bodi kuna praima maalumu ya alumini, ile inayouma. Ukipaka praima ya kawaida, rangi itachanuka mwaka huo huo.

Kijana wa Chikongola

Mkuu spana gani zinatumika? Nina boksi la spana za milimita, nati za Land Rover ya bamdogo zinanishinda.

Baharia wa Msimbati

Acha mara moja kabla hujazimaliza zote. Hizi ni inchi. Utakazotumia kila saa ni 7/16, 1/2 na 9/16. Spana ya 13 inaingia kwenye nati ya nusu inchi na unaona kama imekaa, lakini nusu inchi ni milimita 12.7, kwa hiyo ukikaza nguvu inaviringisha kona. Ya 11 kwenye 7/16 angalau inashika. Tafuta seti ya inchi iliyotumika, pitia mafundi wazee, wengi wanazo kabatini hawazitumii.

Boliti zilizokatalia: chukua dizeli changanya na oili, paka, lala, paka tena. Zikiendelea kugoma, moto wa gesi. Ila usipeleke moto wa gesi karibu na alumini. Inayeyuka bila kukuonya kwa kubadilika rangi.

Chuma na Jasho

Umeme je? Yangu taa za mbele zinawaka kama kibatari.

Baharia wa Msimbati

Asilimia kubwa ni ethi, ile njia ya moto kurudi betri. Taa zimefungwa kwenye wingi za alumini, wingi imefungwa kwenye chuma, katikati kuna ule unga mweupe, moto unarudi kwa shida. Vuta waya wa ethi kutoka kila taa hadi kwenye chesesi na mwingine mnene kutoka chesesi hadi betri. Kuhusu rangi za waya, Waingereza walikuwa na mpangilio: kahawia ni moto wa moja kwa moja kutoka betri, nyeupe ni uliopita kwenye swichi ya funguo, nyeusi ni ethi. Ukijua hizo tatu umeshamzidi fundi umeme anayekuja kukata kila kitu avute waya mmoja mwekundu gari zima. Huyo usimruhusu avuke geti.

Kijana wa Chikongola

Sasa kwenye kuirembesha umefanya nini? Hapo ndipo ninapotaka kufika.

Baharia wa Msimbati

Hapa kila mtu na roho yake. Mimi sipendi bampa za kutisha na taa kumi juu ya paa. Nimeacha sura ya kiwandani, ila:

Rangi nilitaka ile nyekundu ya kiwandani, ambayo Land Rover wenyewe waliiita Masai Red, na rimu rangi ya maziwa. Mchanganyaji wa rangi alinipatia baada ya kumpelekea kipande cha bodi ambacho jua halikukiona, nyuma ya dashibodi. Hiyo ndiyo njia, usimpelekee picha ya simu.

Sakafu ya nyuma ni mbao za mninga, zimekaa juu ya vyuma vyembamba ili maji yapite chini. Mbao ukinunua chukua na risiti na kibali, maana ukikutana na watu wa misitu njiani ukiwa na mninga mbichi utajieleza hadi jioni.

Kishikio cha gia ni mpingo. Kachonga mzee mmoja wa Kimakonde ambaye alikataa kabisa kunichongea duara la kawaida. Akasema duara hata mashine inachonga. Kanichongea uso wa mzee mwenye shavu moja limejaa ugoro. Kila anayepanda lazima aulize.

Viti ni vya gari nyingine, vya Kijapani, vimeinuliwa kidogo. Samahani kwa wale wa "kila kitu kiwe orijino", lakini mgongo ni wangu.

Mzee wa Ndundu

Huo uso wa ugoro nautaka.

Chuma na Jasho

Spea unapata wapi? Mtwara nimezunguka sana, ukitaja Series wanakutazama tu.

Baharia wa Msimbati

Vitu vya kawaida kama beringi, oil sili na viatu vya breki, Dar, Kariakoo na Gerezani. Nenda na kile cha zamani mkononi au namba yake, usiende na maelezo. Vile vigumu ni Arusha, kule Land Rover bado zina wenyewe, mliona zilivyojaa kwenye tamasha la Land Rover la Oktoba 2024. Ila panga muda. Mei 2024 kilipopita Kimbunga Hidaya na barabara ya Dar ikakatika, masta silinda yangu ilikuwa ng'ambo ya pili na mimi niko ng'ambo hii na gari isiyo na breki.

Jambo la kununua mapema ni zile "boli" za mbele, yale matufe ambayo gurudumu linageukia. Zikishika vishimo vya kutu, oil sili haidumu hata ubadilishe mara ngapi.

Mama Nanyamba

Kaka nimerudi. Mume wangu amesugua, namba inasomeka na inafanana na kadi! Msimamizi wa mirathi familia imekubaliana awe yeye. Na mwenye kadi tumepata habari zake, yupo hai Nachingwea. Sasa anataka kwenda wikiendi hii na betri aiwashe. Nimemwambia asubiri niulize.

Baharia wa Msimbati

Hongereni sana! Na umefanya vizuri kumzuia. Asiwashe.

Kwanza atoe hita plagi zote, amimine oili kidogo kila silinda, aache hadi kesho yake. Kisha azungushe injini kwa mkono, ile 109 ina sehemu ya hendeli mbele. Ikizunguka laini, vizuri; ikigoma asilazimishe. Tangi la mafuta alimwage na kuliosha, dizeli ya miaka yote hiyo ni gundi. Oili ya injini imwagwe na aitazame: ikiwa kama maziwa, maji yameingia. Rejeta aiondoe, wadudu wanajenga humo. Breki asiziamini hata zikishika, avute gari kwa lori na mtu awe kwenye usukani.

Na kabla ya hayo yote, achukue fimbo ndefu apige kelele kwenye bodi, afungue boneti akiwa amesimama pembeni, ainue siti taratibu. Huko kwenu koboko wapo.

Mama Nanyamba

Sasa hivi ndiyo amesema atasubiri wiki ijayo.